Gauni Jeupe la Mama Loisi

Kila asubuhi Atuganile aliamshwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bibi yake, Jenista, akimwita aje kuwasha moto. Ya pili ilikuwa ya Mama Loisi, jirani wa ng'ambo ya ua, akimsimulia kila apitaye habari za jana na za juzi. Sauti ya bibi ilikuwa ya taratibu, ikiishia mlangoni. Sauti ya Mama Loisi, jamani, ilifika mpaka kisimani.

"Funga dirisha hilo, mjukuu wangu," bibi alikuwa akisema. "Chai yangu nataka kuinywa na sukari, si na umbea."

Atuganile alifunga dirisha, akanywa uji, akateremka mlima kwenda shuleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, katika kijiji kilichoko juu ya vilima vya Ileje. Mama yake alifanya biashara Tunduma, na yeye aliishi na bibi. Akitoka shule kazi yake ilikuwa moja: kahawa. Bibi alikuwa na vichanja vitatu, yaani meza ndefu za miti zilizotandikwa wavu, na hapo ndipo kahawa iliyomenywa na kuoshwa ilianikwa mpaka ikauke. Kuigeuza, kuchambua zilizo mbovu na kuifunika mvua ikija, yote hayo yalikuwa juu ya Atuganile. Kahawa hiyo ndiyo iliyokuwa sare yake, madaftari yake na dawa za bibi za mwaka mzima.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, Mwalimu Osea aliwapa wanafunzi insha.

"Andikeni kuhusu mtu mmoja ambaye bila yeye wiki yako isingekwenda," alisema. "Simtaki mtu wa kwenye redio. Namtaka mtu unayemwona. Insha nzuri kuliko zote itasomwa Siku ya Wazazi, Ijumaa ya wiki ijayo."

Atuganile hakufikiri mara mbili. Aliandika kuhusu mjomba wake Watson, dereva wa lori linalovuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia. Mjomba Watson alikuwa na miwani ya jua na saa kubwa, na Krismasi aliwaletea viatu. Insha ikatoka safi, mwandiko umenyooka kama uzi. Mwalimu Osea aliisoma, akamtazama.

"Mjomba Watson unamwona kila wiki?"

"Namwona moyoni, mwalimu."

Darasa zima likacheka, hata mwalimu mwenyewe. Lakini insha ilikuwa nzuri kweli, na hakuna aliyekuwa na Kiswahili kama cha Atuganile. Akachaguliwa yeye.

Siku mbili baadaye, Jumatano, bibi alikwenda hospitali Itumba kupima presha. Kabla ya kuondoka alimwambia mjukuu wake neno moja tu: "Kahawa." Atuganile akaitikia, na alipotoka shule alikwenda moja kwa moja kwenye vichanja. Aligeuza kahawa yote, akaanza kuchambua. Hapo ndipo Mercy, rafiki yake, alipotokea mbio.

"Kaka Venance amekuja kutoka Tunduma. Ana simu kubwa hivi. Twende dakika tano tu."

Atuganile alitazama juu. Wingu lilikuwa limekaa kileleni, lakini wingu pale kileleni hukaa kila siku kama mtu aliye kwao. Tena mwezi wa saba mvua ya nini? Akaenda.

Dakika tano za simu nani asiyezijua? Walitazama video moja, ikaja nyingine, ikaja ya tatu. Walipokuwa katikati ya ya tano au ya sita, mvua ikaanza kugonga mabati. Atuganile alisimama, akatoka mbio bila hata kuaga. Aliteleza, akaanguka, akainuka, akaendelea kukimbia. Njia nzima alikuwa akiona kahawa ya bibi imelowa, imeota ukungu, inanuka, na watu wa chama cha ushirika wanaitikisia kichwa.

Alipofika uani alisimama akaduwaa. Vichanja viwili vilikuwa vimefunikwa turubai, na mawe yamepangwa pembeni upepo usije ukalifunua. Kichanja cha tatu kilikuwa kitupu. Na pale chini ya upenu alisimama Mama Loisi, amelowa chapachapa, amekumbatia bunda zito jeupe.

"Haya, niletee gunia nimwage hizi," alisema. "Turubai la tatu sikuliona. Nikaona bora nizizoe."

Bunda lile lilikuwa gauni lake jipya la kwaya. Akina mama wa kwaya walikuwa wameshonewa magauni meupe yenye ukosi wa bluu, nalo lake alikuwa amelichukua kwa fundi mchana uleule, mvua ikamkuta nalo mkononi. Hakuwa amelivaa hata mara moja. Sasa lilikuwa na madoa ya tope na ya maji ya kahawa, na msumari wa kichanja ulikuwa umelichana kuanzia kwapani hadi kwenye pindo.

Atuganile alianza kulia.

"Nyamaza," Mama Loisi alisema. "Bibi yako ametoka kupimwa presha leo. Tukimpa habari hizi, atarudi kulekule alikotoka. Kahawa imepona, basi. Hili mimi nimelimeza."

Hata katikati ya kilio, Atuganile alishindwa kuamini. Mama Loisi ameze habari? Huyu ndiye ambaye kuku wa mchungaji alipotaga yai lenye viini viwili, alilisimulia mpaka watu wa Itumba wakawa wanaulizia afya ya kuku. Atuganile alijua jambo hili halitavuka hata jioni.

Jioni bibi alirudi, amechoka, viatu vimejaa tope. Alipoona kahawa imefunikwa vile, alishika kifua.

"Umeifunika peke yako, mjukuu wangu?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, tena pana kabisa. Lakini sura ya bibi ilikuwa imejaa furaha, na ulimi wa Atuganile ukaenda mwenyewe.

"Ndiyo, bibi."

Bibi akamkumbatia kwa nguvu. Siku zote Atuganile alipenda kukumbatiwa na bibi. Siku ile alitamani aachiwe upesi.

Kesho yake asubuhi bibi, ambaye huwa hasimami uani kuongea, alisimama. "Loisi, umeona mjukuu wangu? Mvua ya jana, kafunika kahawa yote mwenyewe."

Atuganile alikuwa ameshika ndoo. Ndoo ikawa nzito ghafla. Mama Loisi alimtazama, macho kwa macho, na kwa mara ya kwanza tangu wawe majirani alikaa kimya kwa muda unaotosha kuvuta pumzi mbili.

"Mtoto wa kazi huyo," alisema. Kisha akageuka, akaendelea kufagia.

Jumapili kanisani akina mama wa kwaya walipanga mstari wakiwa na magauni meupe. Mama Loisi, ambaye ndiye huanzisha nyimbo zote, alikuja na kitenge chake cha kila siku. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Tumpale, alikuwa mtu wa kanuni.

"Gauni lako liko wapi?"

"Limechanika."

"Limechanikia wapi gauni la juzi?"

"Limechanika tu, mwenyekiti."

"Basi kakae. Kanuni ni kanuni. Na Siku ya Wazazi pia, bila gauni husimami."

Mama Loisi akaenda kukaa benchi la nyuma. Aliyeanzisha wimbo badala yake alianza juu mno, kwaya nzima ikapaparika, na ubeti wa pili ulizimikia njiani. Atuganile, aliyekuwa katikati ya watoto wenzake, hakuinua macho mpaka ibada ikaisha.

Jumatatu kisimani mambo yalikuwa mabaya zaidi. "Eti amelipeleka Tunduma kuliuza," alisema mmoja. "Si ajabu," mwingine akajibu, "mtu mwenye maneno mengi vile." Wakacheka. Atuganile aliteka maji yake haraka, nusu yakamwagika njiani. Mambo yote haya yangekwisha kwa sentensi moja ya Mama Loisi, naye hakuisema. Mwanamke aliyesimulia hata habari za kuku alikuwa amefunga mdomo siku tano nzima, na aliyesemwa vibaya sasa hakuwa mwingine bali yeye.

Atuganile hakupita kwao. Alikwenda hadi kwa Mama Loisi, akamkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, Mama Loisi. Mbona huwaambii?"

"Marahaba. Nilikwambia nimemeza."

"Lakini wanakusema vibaya."

"Mimi huwasema kila siku. Waache nao wafaidi." Alicheka, lakini cheko lenyewe halikwenda mbali. Akashusha ungo. "Nina kosa langu hapo, mtoto. Sikupaswa kukufundisha kumficha bibi yako. Lakini lile la kwamba ulifunika wewe, sikulitia mimi mdomoni mwako. Hilo ni lako. Utalitua mwenyewe, au utaendelea kutembea nalo."

Atuganile akasema, "Naomba lile gauni nikalifue."

Alilifua mara tatu kwa sabuni ya mche. Madoa yakafifia, hayakutoka. Alilikunja, akalitia katika mfuko wake wa shule.

Ijumaa uwanja wa shule ulijaa. Bibi Jenista alikaa safu ya mbele, kichwani kafunga kitambaa kipya. Mama Loisi alikaa nyuma kabisa, karibu na choo cha walimu. Kwaya ya akina mama ilipanga kuimba mwisho. Jina la Atuganile lilipoitwa, alipanda jukwaani na karatasi ya mjomba Watson mkononi. Aliitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mwalimu alisema tuandike kuhusu mtu tunayemwona," alianza. "Mimi niliandika kuhusu mjomba ambaye sijamwona tangu Krismasi. Mjomba wangu ni mtu mwema. Lakini wiki yangu haikubebwa na yeye. Ilibebwa na huyu."

Akatoa gauni. Alipolikunjua, mpasuko ukaonekana wote, kutoka kwapani hadi kwenye pindo.

"Jumatano ile ya mvua niliacha kahawa ya bibi nikaenda kutazama simu. Mama Loisi aliifunika. Turubai la tatu hakuliona, akazoa kahawa kwa gauni hili, ndipo likachanika. Hakulipeleka Tunduma. Bibi aliponiuliza, nikasema nilifunika mimi. Nilisema uongo. Mama Loisi alisikia ule uongo na hakunitaja, hata alipokatazwa kuimba, hata alipotetwa kisimani. Tulikuwa tukifunga dirisha tusimsikie. Bibi, nisamehe. Mama Loisi, nisamehe."

Mtu mmoja alimkimbilia Bibi Jenista na khanga ampepee.

"Niache," bibi alisema. "Sina presha. Nina aibu."

Akainuka, akapita katikati ya wazazi wote taratibu, mpaka nyuma kule karibu na choo cha walimu. Akamshika Mama Loisi mkono, akamleta hadi mbele ya kwaya. Kila mtu alimtazama Mama Tumpale. Mama Tumpale aliitazama ile nguo, akaichukua kutoka kwa Atuganile.

"Kanuni inasema gauni," alitamka. "Gauni la Loisi leo tumeliona sote. Inua mikono, mama."

Akamvalisha mwenyewe, juu ya kitenge, mpasuko na madoa na yote. Mama Loisi alisimama mbele ya wenzake, akajikohoza kidogo, akaanzisha wimbo. Sauti ile iliyokuwa ikifika kisimani, siku hiyo nadhani ilifika mpaka Itumba. Kwaya ikaipokea kwa nguvu, wazazi wakasimama, watoto wakapiga makofi ya kupokezana, na Mwalimu Osea alicheza mpaka kalamu ikamdondoka mfukoni. Akina mama wa kisimani walikuwa wa kwanza kwenda mbele kumtunza kwa kumfunga khanga mabegani. Atuganile aliimba huku analia, na safari hii hakutaka kunyamazishwa.

Wimbo ulipokwisha Mwalimu Osea alimfikia. "Ile ya kwanza ilikuwa insha nzuri," alimwambia. "Hii ya leo ndiyo niliyoiomba."

Jumamosi Atuganile alishinda shambani kwa Mama Loisi akichuma kahawa, bila kutumwa, na bibi alilipeleka gauni kwa fundi. Kahawa yao nayo ilipofika baadaye kwenye chama cha ushirika, mpokeaji aliishika kiganjani, akainusa, akaipanga kwenye daraja la kwanza.

Jioni ya Jumamosi ileile bibi na mjukuu walikaa jikoni.

"Nilikasirika uliposema uongo," bibi alisema. "Lakini kahawa ingeharibika, mwakani ningechuma nyingine. Jirani kama yule ningemchuma wapi? Miaka yote nilisikia mdomo wake, sikuitazama mikono yake. Wewe usifanye kama mimi. Mtu akikutendea jema, mtaje kwa jina lake, tena mapema, wala usilivae jema la mwenzio. Na mimi ukiniletea kweli, hata iwe mbaya, nitaimeza pamoja na dawa zangu."

"Nimekusikia, bibi."

Nje, ng'ambo ya ua, Mama Loisi alikuwa amempata mpita njia. Sasa kwa kuwa habari si siri tena, alikuwa anazilipizia siku zote alizonyamaza. Mvua ilikuwa imeshakuwa gharika, vichanja vitatu vimekuwa saba, na msumari umekuwa mrefu kama mkono. Atuganile aliinuka kwa mazoea kwenda kufunga dirisha.

"Liache," bibi alisema, akijimiminia chai. "Tena lifungue lote. Tusikie vizuri."