Nani Aliivunja Ritena ya Nasrin?

Kila asubuhi Nasrin alipoamka alitandika kitanda, akatoa ritena mdomoni na kwenda uani kuisafisha. Ritena hiyo ilikuwa kipande cha plastiki chenye waya mbele, kilichoyashika meno yake yasirudi kupinda. Alipewa na daktari wa meno kule Moshi siku alipotolewa nyaya alizokuwa amevaa kwa miaka miwili. Akiisha kuisafisha, aliiweka kwenye kiboksi dirishani, akaenda kuoga, kisha akaivaa tena.

Jumatatu moja alirudi kutoka kuoga, akafungua kiboksi, akashtuka. Ritena ilikuwa vipande viwili!

Karibu na dirisha alisimama Salama, binti wa mama yake mdogo, aliyetoka Ugweno mwezi wa kwanza kuja kusoma naye darasa la sita mjini Same.

"Salama, umeshika kiboksi changu?"

"Mimi? Hapana," Salama alijibu, lakini macho yake yalikuwa sakafuni.

Ni yeye, Nasrin akawaza. Alikumbuka kwamba wiki iliyopita Salama aliomba aishike ritena, akakataliwa. Kumbe alikuwa na kinyongo!

Nasrin hakumwambia mama yake. Mama alikuwa akifunga kibanda chake cha cherehani kila walipokwenda Moshi, na Nasrin aliogopa kumpa habari hiyo. Alichukua gundi kwenye droo ya baba, akaunganisha vipande, akavirudisha kiboksini. Juu ya kifuniko akalaza uzi mwembamba ili ajue kama kuna mtu atakigusa.

Jumatano uzi ulikuwa umeanguka.

Tangu hapo Nasrin hakuzungumza tena na Salama. Alihamisha daftari zake, akaficha hata kitana chake. Shuleni akamnong'oneza rafiki yake Sabrina, "Chunga vitu vyako. Yule ana mkono mbaya, ameivunja ritena yangu." Kabla ya kengele ya mchana habari ilikuwa imezunguka darasa zima. Wasichana walivuta mabegi yao Salama alipopita. Aliketi peke yake, uji ukapoa mbele yake.

Alhamisi jioni Salama alimwendea mama yake Nasrin jikoni. "Mama mkubwa, naomba nirudi nyumbani Ugweno."

Mama akaweka mwiko chini. Aliwaita wasichana wote wawili, akauliza kulikoni. Nasrin akamwaga yote: ritena, gundi, uzi.

"Salama, ulikigusa kiboksi?" mama aliuliza kwa upole.

"Jumatano nilikifungua, mama mkubwa, nione kama gundi niliyomwona akiipaka imeshika. Na Jumapili Nasrin alipoivua ili ale, niliona ina mstari wa ufa. Niliogopa kusema. Nilijua nitaambiwa ni mimi."

"Muongo!" Nasrin alifoka.

"Basi," mama alisema. "Jumamosi tunakwenda kwa daktari, sote watatu."

Daktari Asheri aliinusa ritena, akakunja uso. "Nani amepaka gundi hii? Usirudie tena. Gundi ya namna hii haifai kuingia mdomoni." Kisha akaijaribisha juu ya sanamu ya plasta ya meno ya Nasrin. Haikukaa. Pembeni ilikuwa imejikunja.

"Huwa unaisafishaje?"

"Kwa maji ya moto ya kwenye chupa ya chai," Nasrin alijibu kwa kujiamini. "Ili niue vijidudu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Siku hizi ilikuwa inakubana?"

Nasrin alikiri. Kwa wiki mbili ritena ilikuwa haiingii vizuri, naye alikuwa akiiuma kwa nguvu mpaka ikae.

"Maji ya moto yameipinda," daktari alieleza. "Ulipoiuma ikapata ufa, na ulipoimwagia tena maji ya moto, ufa ukaendelea mpaka ikakatika yenyewe. Hapa hakuna mtu aliyekuharibia kitu. Na kwa kuwa umekaa siku kadhaa bila kuivaa, meno yameanza kusogea. Tutapima upya. Mpya utaiosha kwa maji baridi na mswaki laini, na ukiona ufa, unakuja mara moja."

Masikio ya Nasrin yaliwaka moto. Walipotoka na kuketi kwenye benchi la nje, alimgeukia Salama.

"Nisamehe. Nilikusingizia."

"Na wale wa darasani?" Salama aliuliza bila kumtazama. "Watajuaje?"

Hilo lilikuwa gumu kwa Nasrin kuliko yote.

Jumatatu, kabla mwalimu hajaingia, alisimama mbele ya darasa. Akasema, "Ritena niliivunja mwenyewe. Salama hana kosa. Nilisema uongo juu yake." Sabrina ndiye aliyeinuka wa kwanza, akasogeza begi lake na kumwita Salama akae naye.

Baada ya wiki mbili Nasrin alipata ritena mpya. Habari za kurudi Ugweno hazikusikika tena. Siku hiyo mama aliwaketisha wote wawili.

"Salama, ukiona jambo, sema, hata ukiogopa. Nawe Nasrin, kitu kikiharibika, njoo uniambie siku ileile, tuulize kimeharibikaje. Wewe ulianza kwa kuuliza ni nani, na ukiuliza hivyo kwa hasira, humkosi mtu wa kumlaumu. Meno daktari ameyapima na kuyarekebisha. Jina la mwenzako ukilichafua, hakuna daktari wa kukusaidia. Utalisafisha mwenyewe."