Tima na Doa la Manjano

Kaa karibu, nyoosha miguu, sikiliza.

Nyumbani kwa kina Tima kuna zulia. Ni jeupe, lina maua ya buluu. Siku zote limekunjwa nyuma ya kabati. Linatandikwa wageni wakija tu.

Tima analipenda mno. Hakanyagi hata ua moja. Anayaruka. Tup! Tup! Tup!

Leo mgeni ni Shangazi Saumu. Anakuja kula mchana. Zulia limetandikwa, na katikati yake mkeka, na juu ya mkeka sinia la wali.

"Mama, leo mchuzi nipeleke mimi," Tima akasema. Kila siku anapewa vijiko. Vijiko! Na yeye ni mkubwa sasa, ana miaka sita.

Mama akamtazama. "Haya. Mikono miwili, macho mbele, taratibu."

"Mikono miwili, macho mbele, taratibu," Tima akasema. Akaenda na bakuli.

Mikono miwili, ndiyo. Taratibu, ndiyo. Lakini macho yakateremka kwenye maua. Ua hili hapa!

Tima akaruka. Tup! Mchuzi nao ukaruka. Chwaa!

Ulikuwa mchuzi wa samaki, wa nazi, wenye manjano tele. Zulia likapata doa kubwa la manjano.

Moyo wa Tima ukapiga ndu, ndu, ndu. "Sitapewa bakuli tena," akawaza. "Nitapeleka vijiko mpaka nizeeke."

Akasugua doa kwa kiganja. Likakua. Akasugua tena. Likakua tena. Doa halina adabu!

Basi akavuta kitambaa cha kochi, kile cheupe alichokifuma Mama. Akakitandaza juu ya doa. Kwisha! Hakuna doa.

"Hodi!" Shangazi Saumu huyo mlangoni.

"Karibu! Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Tima akasimama mbele ya kitambaa. Hasogei.

Shangazi akachungulia. "Wifi! Siku hizi mnalivisha zulia vitambaa vya kochi?"

Mama akaja mbio kutoka jikoni. Kitambaa kilikuwa kinageuka rangi. Katikati manjano. Pembeni manjano.

Tima akaona aibu. Machozi yakamlengalenga. "Nimemwaga mchuzi, Mama. Halafu nikauficha."

Mama akakiinua kitambaa. "Kumwaga, hata mimi namwaga," akasema. "Lakini umeficha, sasa tuna madoa mawili. Lete kijiko."

Tima akaleta kijiko. Wakazoa mchuzi, kidogo kidogo. Mama akampa kitambaa kikavu. Tima akaanza kusugua.

"A-a, usisugue. Ukisugua linaenea. Bonyeza, inua. Bonyeza, inua."

Bonyeza, inua. Pch, pch. Mafuta yakatoka.

Wakatia maji baridi na sabuni kidogo. Bonyeza, inua. Pch, pch. Harufu ya samaki ikatoka. Lakini rangi ya manjano ikabaki palepale.

"Halitoki, Mama!"

"Hiyo rangi tuliachie jua," Mama akasema. "Kwanza tule."

Wakala. Mchuzi ulikuwa haba. "Wali wa leo mkavu, lakini mtamu," Shangazi akasema, akamkonyeza Tima.

Kisha wakafua kitambaa. Wakabeba zulia mpaka uani, wakalitandaza ukutani. Jua lilikuwa kali hasa.

Tima akaenda kutazama doa. Bado.

Akacheza. Akaenda tena. Aa, limepauka kidogo!

Akacheza, akasahau, akakumbuka, akakimbia uani. Doa lilikuwa limefifia kama chai iliyozidi maziwa.

Alasiri ilipokwisha, Tima akalitafuta doa. Akatafuta, akatafuta. Akaliona kwa shida. Lilibaki kidogo tu, na asiyelijua hangeliona.

Zulia likarudi ndani. Shangazi naye hakuondoka, analala hapo leo. Mama akapakua maharage ya nazi.

Tima akachukua vijiko bila kuambiwa. Akainama.

"Vijiko nitachukua mimi," Mama akasema. "Wewe shika bakuli."

Tima hakuamini masikio yake. "Mimi, Mama? Hata leo?"

"Hata leo. Mikono miwili..."

"Macho mbele, taratibu!"

Tima akatembea. Akakanyaga ua. Akakanyaga jingine. Macho yalikuwa kwa Shangazi tu. Bakuli likafika, halikumwagika hata tone.

"Ahsante, mwanangu," Shangazi akasema. Tima akafurahi, akaketi karibu naye.

Akala, akashiba. Usingizi ukamkuta hapohapo, kichwa kwenye paja la Shangazi. Mkono wake ukaanza kuteleza kuelekea zuliani, vidole vyote vina maharage.

Mama akauwahi mkono hewani. Akavifuta vidole kimoja kimoja, taratibu, asimwamshe.