Glavu Zilizoanikwa Stoo

Haya yalimkuta rafiki yangu Luqmani, dereva wa bodaboda hapa Singida mjini, wala simsingizii. Alinunua glavu za ngozi za mtumba, nzuri kweli, ila zilinuka jasho la mtu mwingine mpaka abiria wakawa wanageuza nyuso. Akazifuta kwa siki, harufu ikarudi.

“Zitie mkaa,” mkewe Nasma akamwambia. “Ila usizianike juani, ngozi itapasuka.”

Luqmani akafunga vipande vya mkaa kwenye vitambaa kumi, akavisokomeza kimoja kila kidole, akazibana glavu kwenye kamba ndani ya stoo isiyo na dirisha. Akapiga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kuswali alasiri.

Aliporudi alisikia mle gizani ngozi ikilia taratibu, kama mtu anayekunja ngumi na kuikunjua. Alipofungua mlango, kimya. Akawasha tochi ya simu. Glavu zilikuwa palepale kambani, lakini vitambaa vya mkaa vilikuwa vimepangwa sakafuni, vitano huku, vitano kule.

“Nasma, uliingia humu?”

“Niingie na nini? Ufunguo si unao wewe?”

Luqmani akaingiza mkono kwenye glavu ya kulia. Ndani mlikuwa na jasho bichi, bado la moto.