Hema Lililosimama Usiku Mmoja

Mimi nilitaka kitanda changu tu. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku wodini, nikafua, nikapika, na ile saa yangu ya kusinzia ikaliwa na Eliakim. Huyo ni mume wangu. Alikuwa amemwahidi binti yetu Aluoch kwamba wikendi inayofuata tungelala msituni Kaptagat, ndani ya hema, kama familia za kwenye picha. Ati darasa lake lote lilikuwa limeshaenda, limebaki yeye tu. Kwetu kule ziwani watu hulala nje wakati wa matanga, lakini nani angenisikiliza?

Basi alasiri tukaingia kwa Thuo, anayeuza mitumba ya kila aina nyuma ya soko hapa Eldoret. Mahema mengi yalikuwa mepesi, nikiweka mkono ndani nauona kwa nje. Eliakim alizunguka akivuta kamba na kugongagonga vyuma, utadhani amezaliwa msituni. Tulichagua mifuko ya kulalia, godoro la kukunja, meko ya gesi na tochi ya kuvaa kichwani, ambayo Aluoch alikataa kabisa kuivua. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, nikikubali kila kitu.

Ndipo Thuo akashusha hema moja la kijani. Turubai nzito, limefungwa kwa kamba ya katani. Alisema aliuziwa na wanaume wa pikapu waliokuwa wakitoka mazishini, huko chini kwetu ziwani.

"Hii ni kama mpya," akamwambia Eliakim. "Imesimama usiku moja tu. Hata hakuna mtu amelala ndani."

Nilisikia vizuri. Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza: hema husimamishwa la nini, kama hakuna atakayelala ndani? Lakini usingizi ulikuwa umenikaba. Nikamwambia Eliakim alipe twende.

Tulilijaribu jioni hiyo hiyo nyumbani Kapsoya, kando ya kamba ya nguo. Eliakim alipigilia vigingi, akasimamisha vyuma, akaniambia niingie nitandike huku yeye akienda kunawa. Nikaingia na Aluoch. Nikatandika godoro. Mtoto alitaka chai ipikiwe pale pale, kwa hivyo nikawasha meko mlangoni, nikabandika sufuria, nikaanza kukata mkate. Giza lilikuwa linaingia, na taa ya jirani ilikuwa imeshawashwa.

Mnaijua baridi ya Eldoret. Ndani ya lile hema hapakuwa na baridi. Palikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Halafu harufu ikaja. Vanishi mbichi, kama ya jeneza jipya... na chini ya vanishi, fomalini. Mimi ni nesi. Harufu ya dawa ya maiti siwezi kuikosea.

Krrr... krrr...

Zipu ya mlango ilikuwa inajifunga. Polepole, mpaka chini.

"Eliakim?" nikaita.

Akaniitikia kutoka bombani, mbali, upande wa nyuma wa nyumba.

Na hapo mlangoni mtu akakohoa.

Kwetu mwanamume akifika kwake hukohoa kabla ya kuingia, mke ajue bwana amerudi. Kikohozi kilikuwa hicho. Hakikuwa cha mgonjwa wala cha mwizi. Kilikuwa cha mtu anayeingia nyumbani kwake.

Aluoch akasogea kwenye godoro, akaacha nafasi katikati yetu. "Baba amekuja," akanong'ona.

Godoro likabonyea.

Sikuona mtu. Naapa sikuona mtu. Lakini pumzi ilinigusa sikio, na sauti ya kijana, sauti ya upole kabisa, ikasema: "Mmekawia... Nimewangoja."

Nje, Eliakim alikuwa amefika. Nilimsikia akivuta zipu, akicheka, kisha akiacha kucheka.

"Selpha, fungua. Imekataa." Akavuta tena. "Selpha... mbona nimechoka hivi?"

Nikaona kivuli chake kikishuka kwenye turubai, taratibu, mpaka chini.

Niliogopa jameni. Niliogopa kwamba mume wangu anaisha pale nje huku nafasi yake ikijazwa huku ndani. Nikashika kile kisu cha mkate, nikasema, "Mume wangu ni Eliakim. Huyu mtoto ni wake. Hapa si kwangu." Nikachana turubai upande wa nyuma, nikamvuta Aluoch. Hakutaka kutoka. Aliniuma mkono, mtoto ambaye hajawahi kumuuma mtu.

Eliakim alikuwa ameketi kwenye nyasi, macho mazito. Aliniuliza jambo moja tu, nani alikuwa anakohoa.

Nikampigia simu mama yake, mzee wa watu kule nyumbani, nikamweleza yote. Alinifafanulia kwa sauti ya chini. Kijana akifa kabla hajajenga nyumba, husimamishiwa kitu, hata kiwe kibanda au hema, ili azikwe kama mtu mwenye kwake. Baadaye hubomolewa. Hakiuzwi.

"Mama Aluoch," akaniuliza, "nani aliingia kwanza?"

"Mimi, Mama. Na mtoto."

"Ulitandika?"

"Nilitandika."

"Uliwasha moto mlangoni?"

Nikakubali. "Basi umemwanzishia nyumba, kama mke," akanong'ona. Kisha akasema Eliakim asiliguse lile hema, anakuja.

Alikuja na akina mama wa kanisa. Waliomba, wakalichoma, na lilikawia kushika moto. Kijana mwenyewe alikuwa nani, hatujui mpaka leo. Thuo anakumbuka pikapu tu. Kaptagat hatukuenda, na hakuna aliyeulizia.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na siku yangu ya mapumziko. Tulikula mapema, sote watatu mezani, na Eliakim akammenyea Aluoch chungwa kama anavyofanya siku zote. Mtoto alipokea kipande kwa mikono miwili, akasema asante, kwa adabu ile tuliyomfundisha ya wageni.

Kisha akaniinamia sikioni.

"Mama," akanong'ona, "huyu anko ataenda kwao lini?"

Eliakim alisikia. Aliendelea kumenya chungwa mpaka maganda yakaisha, na mimi nilikuwa nimechoka hata siwezi kulia.