Maji ya Bibi Aglaia

Haya yalimpata jirani yangu, ambaye tulitenganishwa naye na ukuta mmoja tu, hapahapa mjini kwetu Iași. Benedita alikuja kutoka Ureno kufundisha chuo chetu muhula mmoja. Alifika Jumamosi asubuhi, jua kali, miti ya mtaani imechanua na hewa yote inanukia asali.

Nyumba aliyopanga ilikuwa ya Doru, aliyeirithi kwa shangazi yake, Bibi Aglaia, tuliyetoka kumzika juzijuzi. Kwetu mtu akifa huwekewa dirishani glasi ya maji na kipande cha mkate juu yake mpaka arobaini iishe, ili roho ikipita inywe. Doru, mwanafalsafa wa vikao vya kahawa, hakuona sababu ya kusubiri arobaini.

"Jamani mna ukarimu!" Benedita aliniambia siku hiyohiyo. "Nimekuta nimewekewa maji na mkate dirishani. Nilikuwa na kiu, nikamaliza yote."

Nikamweleza yalikuwa ya nani. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi anisamehe bibi wa watu. Kiu yangu ilizidi yake."

Nami nikacheka. Mama Profira wa ghorofa ya juu ndiye hakucheka. "Mwekee mengine, mwanangu. Leo hii."

Aliweka. Kwa kawaida maji yale hupungua, nasi wasomi husema ni joto. Wiki ile joto lilikuwa la kukaanga mayai barabarani. Maji hayakupungua hata tone.

Benedita hakujali. Raha ya mji wa ugenini, alisema, ni kwamba hakuna anayekujua. Kwao hanunui kitunguu bila kuulizwa ataolewa lini. Hapa anakula keki badala ya chakula cha mchana na hakuna wa kumsema. Ubaya nao alikuwa ameuona: alipata homa siku mbili, na hakuna aliyegundua kwamba hajatoka.

Kisha mji ukaanza kumjua.

Muuza jibini wa sokoni, mwanamke ambaye sijawahi kuona meno yake, alimfungia jibini ya kondoo kabla hajafungua mdomo. "Ile yako ya siku zote, mama." Benedita alinisimulia kama kichekesho. Hata hivyo jibini aliila, yeye aliyekuwa akiziba pua mbele ya kondoo.

Lugha yetu nilikuwa nikimfundisha mimi. Siku moja, akimenya viazi, akatamka neno la vijiji vya kaskazini. Katika jengo letu lote ni mtu mmoja tu aliyewahi kulitumia, naye tulikuwa tumemzika.

"Hilo nani kakufundisha?"

"Si wewe?"

"Si mimi."

Kisu kikasimama. Maganda yalikuwa membamba, ya mtu aliyewahi kuiona njaa.

Mchana mmoja akabisha mlangoni kwangu, simu mkononi, midomo imekauka. "Ongea naye," alinong'ona. "Tafadhali."

"Ni nani?"

"Sura ni ya mama. Lakini sielewi anachosema."

Kwenye kioo cha simu mama mmoja alikuwa akilia na kuita, "Benedita! Binti yangu!" Mimi nilielewa, kwa Kifaransa changu na Kiitaliano cha kubahatisha. Binti yake hakuelewa.

"Nirudishe kwetu," aliniambia, amenishika mkono. Vidole vilikuwa baridi. "Kabla sijasahau ni wapi."

Doru alisema ni ushirikina mtupu, tena tunamharibia jina. Ila alinikabidhi ufunguo wa nyumba akiwa kwenye ngazi. Kizingiti hakukivuka.

Mama Profira alinivuta pembeni. "Asiondoke hivi. Ataondoka nani?"

Nilimjibu kama msomi. Tiketi ilikuwa imekatwa.

Teksi ilipofika, Benedita alilitazama jengo letu dirisha kwa dirisha. Akafanya ishara ya msalaba kwa mtindo wetu, bega la kulia kwanza, yeye asiyeamini kitu. Akanigusa shavu.

"Unimwagilie maua, Otilia mwanangu."

Nimempita umri miaka kumi na tano.

Nilipanda ngazi nikijiambia ni uchovu. Kesho yake, saa za chakula cha mchana, mama yake akapiga simu. Tuliongea Kifaransa, wote wawili kibovu.

"Amefika," alisema. "Anakula. Ananishukuru kwa kila kitu, kama mgeni. Halafu anauliza atapelekwa lini kwao." Akaanza kulia. "Dada yangu, mmenipa nani?"

Ukutani kulikuwa kunagongwa.

Upande wa pili hapakuwa na mtu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikatoka, nikafungua, simu bado sikioni. Jua lilikuwa limejaa sebuleni. Kitanda kimetandikwa. Hakuna mtu.

"Mama?"

Ilikuwa sauti kavu, ya mtu mwenye kiu. Ilitokea palepale niliposimama, karibu na shavu langu. Kireno.

"Mama, uko hapo?"

Kwenye simu, kule Ureno, mwanamke yule alikuwa ameacha kulia. Niliisikia pumzi yake. Nyuma yake, mbali kidogo, mtu alikuwa akiimba wimbo wetu wa kubembeleza watoto, huku akiosha vyombo.

"Benedita?" mama akaitika. "Niko hapa, mwanangu. Wewe uko wapi?"