Zima Mashine, Mpenzi

Mtafiti alishuka ngazi mbio, koti jeupe likimpepea, akatokea barabarani katikati ya vumbi, honi na watu wanaopigana vikumbo. Akasimama mbele ya mashine ya kushindilia barabara.

"Zima!"

Dereva, kijana wa mabega mapana na fulana ya machungwa, akachungulia chini. "Dada, unataka nikulaze uwe lami?"

"Huko juu nimeshika seli ya ubongo wa panya kwa sindano ya kioo. Ukitetemesha jengo, inachomoka."

"Kumbe panya ana ubongo?"

"Mkubwa kuliko wako."

Akacheka, akazima.

Mapenzi yakaanzia hapo. Kila alipozinasa seli mbili zinazopeana habari, mtafiti alipiga simu. Alitaka kuona jinsi njia kati ya seli hizo inavyopata nguvu zikiamshwa pamoja, maana ndivyo ubongo unavyojifunza.

"Zima kidogo, mpenzi."

"Msimamizi wangu amekubali kweli?"

"Nimeshaongea naye, usihofu."

Hakuwa ameongea na mtu. Kesho nitamwona, alijiambia, na kesho ikifika kazi inamnogea.

Asubuhi moja akakuta dereva mwingine kwenye mashine. Akampigia mpenzi wake; simu ikaita mpaka ikakatika. Akamwendea msimamizi.

"Nimemfukuza," msimamizi alisema. "Anazimazima mashine, halafu eti nilimruhusu! Nikamwita mwongo mbele ya wenzake."

"Mwongo ni mimi."

"Umechelewa, mama. Nafasi imeshajazwa."

Alimkuta dereva nyumbani kwao, mlangoni, amevaa shati la kuombea kazi, limepigwa pasi mpaka kola imesimama.

"Nimemwambia ukweli. Amekataa kukurudisha."

"Na seli zako?" dereva aliuliza.

"Nilipata nilichotaka." Aliona aibu kwamba ni kweli.

"Ungesema hujamwona msimamizi, ningezima vilevile. Ila ningejua ninakojiingiza."

"Nisamehe, mpenzi."

"Usinishike, bado nina hasira." Akausukuma mlango. "Mama yumo ndani. Anaamini amezaa mwongo. Ingia umwambie mwenyewe. Ukitoka na bado unanitaka, tutaongea habari ya kuoana."

Mtafiti akavua viatu, akapiga hodi.

"Karibu, mwanangu," mama aliitikia kwa furaha, na neno hilo likamchoma kuliko tusi.