Ukuta wa Lukwele

Kikamuzi kilinata ukutani kama kupe, kikaanza kukamua sauti kutoka kwenye chokaa. Ikatoka kwanza mvua ya jana ikipiga bati, zikafuata ndala zikiburuzwa, kisha kikohozi cha Bi Zamda. Bi Zamda mwenyewe, aliyekuwa ameketi pale kwenye stuli, akajishika kifua.

"Kumbe nakohoa vibaya hivyo," akasema.

Nyamizi akacheka. Ndiye aliyekibuni chombo hicho, na Morogoro nzima, kuanzia stesheni ya treni za sumaku hadi kwenye bustani zilizoning'inizwa hewani, ilimwita Mama Kuta. Aligundua kwamba chokaa hushika mitetemo ya kila sauti, tabaka juu ya tabaka, kama vumbi linavyolala juu ya kabati. Kikamuzi hubandua tabaka moja moja, la jana kabla ya la juzi, na kulirudisha hewani kuanzia mwanzo wake hadi mwisho. Lakini sauti ikishakamuliwa haishiki tena popote, si ukutani wala kwenye kinasa cha aina yoyote. Inasikika mara moja, basi.

Watu walidhani alikibuni kwa ajili ya mahakama na makumbusho. Kusema kweli, alikitaka kwa ajili ya ukuta huu mmoja tu, wa korido ya studio ya marehemu Lukwele, produza aliyemlea kimuziki tangu alipokuwa hajui hata kusimama mbele ya maiki, na mwishowe akawa rafiki yake. Lukwele alikuwa Mluguru, Nyamizi Mnyamwezi. Walikuwa watani, na Lukwele hakuuacha utani hata siku moja. Kila Nyamizi alipomaliza kuimba, kejeli ya Wanyamwezi wa kale waliobeba mizigo ya misafara ilimfikia kupitia kioo: "Nani kawafungulia mlango hawa wapagazi?" Ndipo kazi ilipoendelea.

Siku ya mwisho hakumtania. Nyamizi aliimba wimbo alioutunga mwenyewe, akamaliza, akasubiri. Lukwele akavua miwani, akatoka chumbani bila neno. Nyamizi akaamini wimbo ulikuwa mbovu kiasi cha kumnyima mtani wake hata hamu ya kumcheka. Akafungasha, akapita mlango wa nyuma. Jioni akapata habari kwamba moyo wa Lukwele ulikuwa umesimama pale pale koridoni. Tangu hapo hakuimba tena. Akaenda kusomea mitetemo.

Kikamuzi kikazidi kuzama. Sasa korido ilijaa sauti ya Zamda akizungumza na Lukwele, mumewe asiyekuwepo: nyanya zimepanda bei, paka kazaa kwenye spika yako, mbona unaninyamazia. Ujane wake wote ulikuwa umo humo. Nyamizi akapeleka mkono swichini.

"Wifi, haya yako yanapotea."

"Yaache yaende. Alishayasikia."

Kikamuzi kikafika tabaka la siku ile ya mwisho. Zikaja hatua za mtu mzito, na pumzi ikashuka karibu kabisa na masikio yao. Mwanga wa korido ulikuwa kama umegeuka maji, nao wawili wamekaa chini yake. Lukwele akaanza kuuimba wimbo wa Nyamizi kwa mdomo uliofumbwa, chini chini, taratibu kuliko mwenyewe alivyouimba, akikawia pale Nyamizi alipopita mbio.

"Mnyamwezi huyu," akasema ukutani. "Leo kanikosesha la kusema. Ngoja nifute uso kwanza, asije akaniona."

Akaendelea kuimba. Nyamizi alilia bila kujificha, machozi ya furaha yakiwa yamechanganyika na uchungu wa miaka yote aliyoikaa kimya. Alitaka kuendelea kumsikia hadi ukuta uishe. Lakini mstari baada ya mstari pumzi ya Lukwele ilikuwa inapungua, na wote wawili walijua kinachofuata.

Zamda akamshika mkono. "Zima, wifi."

"Bado anaimba."

"Ndiyo. Zima akiwa anaimba."

Nyamizi akazima. Kuanguka kwa Lukwele kukabaki ndani ya chokaa, bila kutokea tena, na chini yake miaka yote ya utani na ya ndoa.

"Na akija mwingine na kikamuzi chake?" Zamda akauliza. "Siku hizi vimejaa madukani."

Nyamizi akautazama ukuta. Akakibandua chombo, akakiweka sakafuni. Akasogeza midomo hadi chokaa ikampoza, akasafisha koo, na kwa sauti iliyokuwa na kutu akauimba wimbo wake wote, akikawia pale Lukwele alipokawia. Ukuta ukaupokea.

"Anayemtaka Mluguru wangu," akasema, "atapita kwanza kwa mpagazi."

Zamda akavuta stuli karibu.

"Imba tena," akasema. "Tabaka moja ni jembamba."